Siku nane katika nchi ya Wacheyenne: ngozi, miiba ya nungunungu na shanga

Siku ya kwanza, Jumamosi

Tuliondoka Denver, katika jimbo la Colorado, saa kumi na moja alfajiri, mimi na mwenzangu wa kazini ambaye kwa miaka mitatu tumekesha pamoja zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Yeye ni Mcheyenne wa Kaskazini, wa taifa mojawapo la Wenyeji wa Marekani, na alikuwa anakwenda kwao Lame Deer, katika jimbo la Montana, kwa likizo yake ya mwisho wa Agosti. Alinialika kwa sababu aliwahi kuniona wakati wa mapumziko nikisuka ukili kwa chane za ukindu nilizoletewa kutoka Pangani. Aliviangalia vidole vyangu kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniambia kwamba kwao yuko mama yake mkubwa ambaye bado anatengeneza ngozi kama walivyotengeneza mabibi zake, na kwamba tukikutana tutaelewana. Nilimfahamu mara moja aliposema kwamba mama huyo ni mama yake kweli, kwa kuwa Wacheyenne nao humwita dada wa mama kwa jina la mama, na kaka wa baba kwa jina la baba.

Denver ina historia nzito mbele ya watu hawa. Mwaka 1864 askari wa kujitolea wa Colorado, wakiongozwa na Kanali John Chivington, waliishambulia alfajiri ya 29 Novemba kambi ya Wacheyenne na Waarapaho iliyokuwa kwenye kijito cha Sand Creek, kusini-mashariki mwa jimbo, wakaua watu wasiopungua 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Mwenzangu alilitaja jambo hilo mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyotaja kaburi lililo kando ya njia, halafu akaendelea kuendesha gari.

Baada ya kilomita zipatazo 160 tuliupita mji wa Cheyenne, makao makuu ya Wyoming. Jina hilo limetokana na namna Walakota walivyowaita jirani zao. Wao wenyewe hujiita Tsitsistas, na pamoja nao wamo Wasuhtai, watu wa lugha ya karibu sana walioungana nao zamani wakawa taifa moja. Leo taifa hilo lina makao mawili, Wacheyenne wa Kaskazini huko Montana na wa Kusini huko Oklahoma, ambako wana serikali moja na Waarapaho. Nilidhani kwamba tangu mwanzo walikuwa wapanda farasi, lakini kumbe babu zao waliishi Minnesota, na katika karne ya 18 walikuwa na kijiji cha nyumba za udongo kando ya mto Sheyenne, katika North Dakota ya leo, wakilima mahindi. Farasi walipowafikia ndipo walipohamia nyikani moja kwa moja na kumfuata nyati wa Marekani.

Tulifika karibu na Bear Butte jua likizama, tukalala katika nyumba ya wageni.

Siku ya pili, Jumapili

Bear Butte ni mlima uliosimama peke yake kwenye tambarare, kaskazini-mashariki mwa milima ya Black Hills, na kilele chake kina urefu wa mita 1,349 kutoka usawa wa bahari. Wacheyenne huuita Nóávóse. Hapo ndipo nabii wao, Sweet Medicine, alipopewa Mishale Mitakatifu minne, miwili kwa ajili ya nyati na miwili kwa ajili ya maadui, pamoja na sheria ambazo taifa lingeishi kwazo, ikiwamo Baraza la Machifu 44. Mishale hiyo ipo hadi leo, ikitunzwa na Wacheyenne wa Kusini, na huku Kaskazini hutunzwa Kofia Takatifu ya Nyati iliyokuja na Wasuhtai. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu ibada zao. Mwenzangu aliniomba hivyo kwa upole tulipokuwa bado kwenye maegesho, na mtu aliyelelewa pwani hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba yapo mambo ya ndani na yapo mambo ya barazani.

Kandokando ya njia ya kupandia mlima, miti imefungwa vitambaa vyekundu, vyeupe, vyeusi na vya manjano, na kila kitambaa ni dua ya mtu. Mgeni havigusi wala havipigi picha. Nilitembea nyuma ya mwenzangu mpaka mahali aliposimama, nami nikasimama, na alipomaliza tukarudi.

Mchana tulishika barabara namba 212 kuelekea magharibi, tukapita Belle Fourche na Broadus, na jioni tukavuka mto Tongue pale Ashland na kuingia katika ardhi ya Wacheyenne wa Kaskazini. Ardhi hii ilitengwa kwa amri ya Rais Chester Arthur mwaka 1884 na kuongezwa mwaka 1900. Nilitazamia uwanda mkavu, lakini nilikuta vilima vya misonobari, mawe mekundu na mabonde ya nyasi. Lame Deer iko kilomita zipatazo 35 kutoka Ashland. Tulifika usiku, tukapewa chakula, tukalala.

Siku ya tatu, Jumatatu

Mama mkubwa alikuwa ameshaamka zamani nilipotoka nje. Nilijikuta nimeinama na kumwamkia kwa shikamoo, kwa sababu sikuweza kupata katika Kiingereza neno linalofanya kazi ile. Aliuliza maana yake, akaelezwa, akauliza tena mkubwa hujibu nini, na alipoambiwa akalirudia neno hilo polepole mpaka likamkaa kinywani. Kila asubuhi baada ya hapo alinijibu marahaba.

Kazi ilikuwa imeandaliwa. Ngozi mbili za kulungu, zilizohifadhiwa katika friza tangu msimu wa uwindaji uliopita, zilikuwa zimelowekwa siku kadhaa ili manyoya yalegee. Mama mkubwa aliziangika kwenye gogo lililolala mshazari na kunipa kifaa cha kwanza, mfupa wa mguu wa mnyama uliochongwa ncha pana yenye meno madogo, unaotumika kuondolea nyama na utando uliobaki upande wa ndani. Kifaa cha pili nilikitambua umbo lake kabla sijakishika, kwani kimepinda kama tezo ndogo ya fundi wa majahazi. Mpini wake ni pembe ya elki, yaani kulungu mkubwa wa nchi hii, na mwishoni limefungwa bapa la chuma ambalo zamani lilikuwa la jiwe. Hicho ndicho kinachokwangua manyoya na kusawazisha unene wa ngozi. Mpini aliokuwa nao aliurithi kwa bibi yake, na pembe ile imekuwa laini na ya rangi ya asali mahali viganja viliposhika kwa vizazi vitatu.

Kukwangua ni kazi ya mgongo na masikio. Mama mkubwa hakuwa ananiangalia mikono. Alikuwa ameketi pembeni akiponda cheri mwitu, na kila nilipobonyeza mno alijua kwa mlio tu, akasema jina langu. Ngozi ikitobolewa imetobolewa. Zamani, ngozi ya nyati iliwambwa chini kwa vigingi vya mti na wanawake wakaifanyia kazi wakiwa wamepiga magoti juu yake, na ngozi moja ilichukua siku nyingi za mtu mzima. Nilifikiria ngome ya biashara ya Bent, iliyojengwa kwenye mto Arkansas huko Colorado mwaka 1833, ambako Wacheyenne wa Kusini walipeleka mablanketi ya ngozi ya nyati kwa maelfu kubadilishana na vyuma, nguo na shanga. Vitabu husema kwamba wawindaji waliuza ngozi. Sasa ninaona jinsi usemi huo ulivyo mfupi, maana mwanamume aliua mnyama kwa asubuhi moja, na kila kilichoifanya ngozi yake kuwa bidhaa kilitoka katika mabega ya mwanamke.

Alasiri tulichemsha ubongo wa kulungu kwenye sufuria mpaka ukawa kama uji mwepesi, tukaongeza mafuta kidogo, tukaupaka pande zote mbili za ngozi kwa viganja mpaka ukaingia. Wahenga wa huku hutumia pia maini. Wanasema kwamba kila mnyama ana ubongo wa kutosha kutengenezea ngozi yake mwenyewe, na kwa kulungu wetu wawili hesabu hiyo ilikuwa sawasawa. Ngozi zilikunjwa na kulazwa usiku kucha.

Cheri zilipondwa pamoja na mbegu zake kwenye jiwe, zikafinyangwa kuwa vitumbua vidogo bapa na kuanikwa juani. Hiyo ni akiba ya majira ya baridi.

Siku ya nne, Jumanne

Leo ngozi ilipaswa kuvutwa mpaka ikauke. Sentensi hiyo fupi ndiyo kazi nzima, na ndiyo niliyoshindwa. Ngozi ikikaushwa bila kusumbuliwa, nyuzi zake hushikamana na inakuwa ngumu kama ubao. Ikivutwa na kunyumbuliwa muda wote inapokauka, nyuzi zinabaki zimeachana na inakuwa laini kama flana. Mama mkubwa alifunga kitanzi cha kamba ya kano zilizosokotwa kwenye nguzo, akapitisha ngozi ndani yake na kuivuta huku na huku kama mtu anayekausha mgongo kwa taulo, kisha akaitandaza na kuinyoosha kwa magoti na mikono, akarudia tena kwenye kitanzi. Aliendelea hivyo kwa karibu saa tano. Mimi nilikuwa na ngozi yangu. Kiasi cha saa nane mchana nilihisi kwamba imekauka, nikaiweka kando na kwenda kunywa chai. Niliporudi kona moja, kubwa kuliko kiganja, ilikuwa imekakamaa.

Hakunilaumu. Aliishika ile kona, akaikunja ikalia, akasema kwamba ngozi ile haitaona moshi mpaka hapo patakapolainika, na kwamba mwenye kuifanyia kazi hiyo ni mimi.

Ngozi yake yeye ilipata moshi jioni ileile. Tuliishona pembeni ikawa kama mfuko, tukaininginiza juu ya shimo dogo lenye makaa na vipande vya mti uliooza, ambao hutoa moshi mwingi bila ndimi za moto. Polepole weupe wake uligeuka kuwa rangi ya mkate uliookwa. Moshi ndio unaofanya ngozi ikinyeshewa na kukauka irudie ulaini wake, na kwa sababu hiyo sehemu ya juu ya hema kuukuu, iliyofukizwa na moto wa jikoni kwa miaka, haikutupwa. Ilikatwa ikatengenezwa viatu na vifunika miguu vya watu wanaokanyaga theluji.

Ndipo tulipoanza kuzungumza juu ya hema, ambalo huku huitwa tipi. Turubai lililokunjwa kwenye banda la mama mkubwa ni la pamba, kama yalivyo mahema karibu yote tangu nyati walipomalizwa katika miaka ya 1880, lakini mkato wake ni uleule wa zamani. Hema la ngozi lilihitaji ngozi za nyati jike kuanzia 11 hadi 20 na ushei. Mwanamke aliyezikusanya aliwaita wenzake, akapika, akamwomba mwanamke mjuzi wa kukata apange ngozi zile chini, kisha wote wakakaa kushona kwa kano kutwa nzima. Wacheyenne husimamisha hema kwa nguzo tatu za msingi zilizofungwa pamoja, wakati baadhi ya jirani zao, kama Wacrow, huanza na nguzo nne, na mtu mwenye jicho hutambua kwa mbali, kwa jinsi vichwa vya nguzo vinavyokutana juu, ni nani aliyepiga kambi. Mlango hutazama mashariki. Juu yake yako masikio mawili ya kuongozea moshi, ambayo hugeuzwa kwa nguzo mbili za nje kulingana na upepo. Hema lilikuwa mali ya mwanamke. Yeye ndiye aliyelitengeneza, alilisimamisha, alilishusha na kulipakia, na mume alikaa ndani yake.

Siku ya tano, Jumatano

Leo mikono ilipumzika kutoka katika ngozi na tukakaa ndani kwa kuwa kulikuwa na upepo. Mama mkubwa alileta kisanduku cha miiba ya nungunungu. Nungunungu wa huku hupanda miti, na miiba yake ni myembamba na mifupi kuliko ile ya nungunungu wetu. Mingi aliyonionyesha haikuzidi urefu wa kidole. Kabla Wazungu hawajaleta shanga, miiba hii ndiyo iliyokuwa nakshi ya taifa. Ilipangwa kwa ukubwa, ikatiwa rangi za mizizi na mimea, ikalainishwa kwa kuwekwa mdomoni upande wa shavu, ikavutwa kati ya meno mpaka ikawa bapa, kisha ikakunjwa na kushonewa juu ya ngozi, mwiba mmoja baada ya mwingine. Kwa kutoboa walitumia msharasi, na uzi wao ulikuwa kano ya mgongo wa nyati, iliyochanwa kwa kucha na kusokotwa pajani, ambayo ncha yake ikikauka hupita tunduni bila sindano.

Kazi hii haikuwa ruhusa kwa kila aliyependa. Kilikuwako chama cha wanawake wanakshi, chenye heshima ya kidini, na mwanamke aliyetaka kunakshi hema au blanketi kwa namna takatifu aliweka nadhiri, akaandaa karamu, akafundishwa na wazee wa chama ambao waliombea mikono yake. Michoro ilikuwa na haki zake. Hukuiiga tu kwa sababu umeiona. Katika mikutano yao wanawake walisimama na kuhesabu hadharani vitu walivyovikamilisha, kama wanaume walivyohesabu matendo yao ya vita. Na mwanachama akikosea mstari wa miiba, hakuufumua mwenyewe. Aliitwa shujaa aliyewahi kumkata adui ngozi ya kichwa. Naye alisimulia tendo lake, akasema kwamba hivi ndivyo alivyofanya, na wakati huohuo akaikata miiba iliyokosewa.

Nimelifikiria jambo hilo siku nzima. Sisi tulifundishwa shuleni kuita kazi hizi sanaa za mikono, tukaziweka katika kipindi cha mwisho cha ratiba. Hapa taifa zima la wapiganaji liliona kwamba kosa katika mstari wa nakshi lina uzito wa kumwita mtu aliyekutana na mauti.

Baada ya chakula alifungua kitambaa akatoa ala ya kisu ya zamani sana, ya nyanya yake. Kati ya shanga nyeupe na za samawati zilizoijaza palikuwa na nyekundu, na nilipoisogeza karibu na dirisha niliona kwamba kila moja ilikuwa na kiini cheupe ndani. Shanga za namna hiyo nilizichezea utotoni zilipokuwa katika kijaluba cha bibi yangu. Zilitengenezwa Venisi, huko Italia. Katika karne ya 19 watu wa pwani yetu walikuwa na jina lake, samesame, nazo ndizo zilizobebwa na wapagazi katika misafara ya Bagamoyo na Pangani kwenda bara, kununulia chakula na pembe za ndovu. Na miaka ileile wafanyabiashara wa mto Missouri na mto Arkansas walizileta huku kununulia ngozi. Nilimweleza mama mkubwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bibi yangu alikuwa na binti wangapi.

Ushonaji wa Kicheyenne huenda kwa mistari. Unatunga punje saba au nane, unazilaza, unashona mwisho, unarudi na safu nyingine kando yake, na safu zinapopangana mstari hunyanyuka kidogo katikati kama tuta. Sindano haipiti upande wa pili wa ngozi. Hupita ndani ya unene wake tu, hata ukiligeuza vazi huoni mshono. Uwanja mara nyingi ni mweupe au samawati hafifu, na michoro ni midogo, imeachiwa nafasi ya kupumua. Nilishona safu nne hadi jioni. Mbili alizifumua, mbili akaziacha.

Siku ya sita, Alhamisi

Asubuhi alikuja jirani na mtoto mchanga aliyefungwa katika kitanda cha kubebea, chenye mbao mbili nyembamba zinazopita juu ya kichwa. Zamani kitanda hicho mara nyingi kilitengenezwa na jamaa wa upande wa baba kwa ajili ya mama mzazi, na ni katika vitu walivyovishonea shanga nyingi kuliko vyote. Pembeni yake kilining'inia kikoba kidogo chenye umbo la kobe. Ndani yake huwekwa kitovu cha mtoto kilichokauka. Mtoto wa kike alipewa kobe na wa kiume mjusi, wanyama wasiokufa kwa urahisi, na mtoto alikua nacho. Kwetu mtu akitaka kutaja asili yake husema ni pale kilipozikwa kitovu chake. Watu hawa, waliohama na nyati majira yote, hawakukizika mahali. Walikishonea nyumba ndogo na kutembea nacho.

Mchana tuliangalia parfleshi, mikoba bapa ya ngozi ghafi inayokunjwa kama bahasha, ambayo ilibeba nyama kavu na nguo juu ya farasi. Ngozi yake haikulainishwa. Iliwambwa mbichi, ikapakwa rangi za udongo kwa kipande cha mfupa wenye vinyweleo vinavyoshika rangi, ikapakwa utomvu wa mpungate ili rangi ishike. Hutengenezwa jozi, kwa ajili ya pande mbili za mnyama. Za Wacheyenne hutambulika kwa mistari myembamba ya rangi nyeusi au hudhurungi inayozunguka pembetatu na miraba, iliyonyooka kiasi kwamba huwezi kuamini haikupigwa rula. Michoro hii ya maumbo ilikuwa ya wanawake. Wanaume walichora watu na farasi, wakisimulia vita juu ya ngozi, na ngozi zilipokosekana wakahamia kwenye madaftari ya hesabu. Kati ya mwaka 1875 na 1878 Wacheyenne waliofungwa pamoja na watu wa mataifa mengine katika ngome ya Fort Marion, Florida, walijaza kurasa nyingi kwa kalamu za rangi, na michoro ya Howling Wolf na ya Making Medicine, ambaye baadaye alirudi Oklahoma akiwa shemasi wa kanisa, imehifadhiwa katika majumba ya makumbusho.

Jioni mwenzangu alinionyesha gauni la marehemu mama yake, lililoshonewa meno ya elki. Kila elki ana mawili tu yanayofaa, kwa hiyo gauni kama lile husimulia wawindaji wengi na miaka mingi. Mabegani palikuwa na kauri za kwetu, za bahari ya joto, zilizosafiri mpaka huku ambako bahari iko mbali kila upande. Mwenzangu alinieleza pia kwamba tangu mwaka 1990 ipo sheria ya Marekani inayokataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na Wenyeji wa Marekani wakati si kweli, na kwamba mama mkubwa huandika jina lake ndani ya kila kiatu anachouza.

Siku ya saba, Ijumaa

Tulikwenda Busby, ambako yapo makaburi ya baadhi ya watu waliouawa katika kutoroka Fort Robinson, ngome ya jeshi huko Nebraska walikokuwa wamezuiliwa, usiku wa 9 Januari 1879, baada ya kundi lao kuongozwa na machifu Morning Star na Little Wolf kutoka Oklahoma ili warudi kaskazini. Mabaki yao yalikaa katika makusanyo ya makumbusho mpaka yaliporudishwa mwaka 1993. 

Kutoka hapo tulifika Little Bighorn, uwanja wa vita vya 25 Juni 1876, ambapo Walakota na Wacheyenne walipigana na jeshi la Marekani. Tangu mwaka 1999 yapo mawe mekundu yanayoonyesha mahali walipoanguka wapiganaji wa Kicheyenne, karibu na mawe meupe ya askari. Hatukukaa sana. Mwenzangu alitaka nisikie jina la Buffalo Calf Road Woman, ambaye siku nane kabla ya hapo, kwenye mto Rosebud, alipita kwa farasi katikati ya risasi akamwokoa kaka yake, hata Wacheyenne wakayaita mapigano yale kwa kumbukumbu ya msichana aliyemwokoa kaka yake.

Tulirudi Lame Deer kuaga. Nilimwambia mama mkubwa neno moja la lugha yake nililojifunza, néá'eše, yaani asante. Alinipa ngozi yangu, imekunjwa ndani ya kitambaa, na chupa ya ubongo uliochanganywa na mafuta. Aliniagiza niilete mwakani kwa ajili ya moshi.

Siku ya nane, Jumamosi

Tulirudi kwa njia ya Sheridan na Buffalo, na mchana tulisimama kando ya barabara karibu na Kaycee, Wyoming. Upande wa magharibi huonekana kuta za mawe mekundu. Huko, kwenye kijito cha mto Powder, alfajiri ya 25 Novemba 1876, jeshi la Kanali Ranald Mackenzie liliingia katika kijiji cha Morning Star na Little Wolf. Kilikuwa na mahema yanayokaribia 200. Wacheyenne walikimbilia milimani wakiwa na nguo walizolala nazo, na wakiwa huko juu waliona moshi.

Wiki moja iliyopita ningeusoma mstari huo na kuhesabu hema moja, hema mbili. Sasa ninajua hema ni nini. Ni ngozi 15 au 20, na kila ngozi ni siku nyingi za magoti na mabega. Ndani yake kuna mapazia, mablanketi, parfleshi jozi kwa jozi, nyama kavu na vitumbua vya cheri vya majira yote ya baridi, vitanda vya watoto vyenye shanga kutoka utosini hadi miguuni, na vitu vya wanachama wa kile chama cha nakshi, ambavyo kila kimoja kilianza kwa nadhiri. Askari walilundika vyote na kuvitia moto kutwa nzima. Ofisa mmoja aliyekuwapo, John Bourke, aliandika kwa kirefu juu ya wingi na uzuri wa vilivyoungua. Usiku uliofuata baridi ilikuwa kali kiasi kwamba watoto wachanga walikufa mikononi mwa mama zao. Miezi michache baadaye wengi wao walijisalimisha, na sidhani kwamba bunduki peke yake ndiyo iliyowafikisha hapo.

Mwenzangu alisema kwamba mama wa nyanya yake alikuwa msichana mdogo siku ile, na kwamba mpini wa pembe ya elki nilioushika Jumatatu ulikuwa umefungwa kiunoni mwa mtu aliyekimbia. Sikujua la kujibu. Tuliendelea na safari.

Nilifika nyumbani Denver saa tatu usiku. Nilifunga kamba kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, nikaipaka ile kona ubongo, nikangoja uingie, nikaanza kuvuta. Saa nane nilihisi kwamba imekauka. Niliiweka shavuni, nikaona bado kuna ubaridi wa maji ndani yake, nikairudisha kwenye kamba.